Klasta ilianguka mikononi mwangu, lakini msitufungie mlango

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliandika hapa kuhusu foleni ya kantini na bei ya wali maharage, nikaahidi kurudi wiki inayofuata, na ahadi yenyewe mmeona ilivyokwenda. Semista hii imetubana kweli kweli sisi wa mwaka wa mwisho.

Leo naandika kwa sababu kuna maneno yanazunguka kuhusu ule usiku wa Alhamisi ambao seva za idara zilizimika zote. Wengine wanasema ni umeme. Wengine wanasema tulivamiwa na wadukuzi. Kuna mmoja nimemsikia bwenini akiapa kabisa kwamba ni virusi vilivyoingia kwa flashi ya mtu. Jamani, hapana. Ni mimi. Nilikuwa nabadilisha anwani za ndani za klasta, nikakosea mpangilio wa kazi, basi.

Jumatano ijayo idara inakaa kikao, na moja ya ajenda ni kama wanafunzi tuendelee kuruhusiwa kuingia chumba cha seva. Mimi nasema tuendelee. Najua mtu aliyeangusha klasta hana uso wa kusema hivyo, lakini nisikilizeni kwanza, halafu mnitukane huko chini kwenye maoni.

Kwa walio fani nyingine (naona siku hizi hata watu wa sheria wanasoma hapa, karibuni sana), klasta ni seva kadhaa zilizofungwa pamoja zifanye kazi kama kitu kimoja. Yetu ina seva nne, na juu yake inaendesha Proxmox. Ndani ya seva hizo zinaishi mashine pepe, yaani kompyuta ambazo hazina bodi wala kebo zake zenyewe, ni programu tu, lakini kwa anayezitumia ni kompyuta kamili. Mashine ya kukusanyia kazi zetu iko humo. Miradi ya mwaka wa mwisho ya watu kama thelathini iko humo. Kila seva ina matundu mawili ya mtandao: moja linakwenda kwenye mtandao wa chuo, na la pili linakwenda kwenye swichi ndogo ambayo seva nne zinaitumia kuongea zenyewe kwa zenyewe na kufikia diski za pamoja. Huo wa pili ndio mtandao wa ndani, na anwani zake ndizo nilizokuwa nabadilisha.

Sasa mtu atauliza, kama ni za ndani na hakuna mtu wa nje anayeziona, za nini kuzibadilisha? Swali hilo hilo aliniuliza fundi mkuu wa maabara yetu, ambaye sisi sote tunamwita Mzee. Mzee ana msemo wake, "usiguse kinachofanya kazi," na anausema kama sala. Jibu langu lilikuwa kwamba hakifanyi kazi, ila hakifanyi kazi kwa baadhi ya watu tu, na hao baadhi ndio wenye sauti ndogo.

Kisa chenyewe ni hiki. Aliyejenga klasta miaka hiyo (alishahitimu, na hakuacha hata karatasi moja) aliipa anwani zinazoanza na 192.168.1. Bila shaka hakufikiri sana. Ndiyo namba ambayo kila mtu anaijua. Nenda Kariakoo ununue rauta yoyote ya bei ya kawaida, kuna uwezekano mkubwa ukiifungua nyumbani ikakwambia 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Kila mafunzo ya mtandaoni yanatumia hiyo. Kila mwalimu ubaoni anaandika hiyo. Miaka ikapita, jengo jipya likafunguliwa, likawekewa waifai, na waliokuja kuifunga waifai hiyo nao wakachagua... 192.168.1.

Matokeo yake yalikuwa ya ajabu mpaka watu wakaanza kusema mashine ya kukusanyia kazi ina upendeleo. Ukiwa maabara kwa kebo, inafunguka vizuri. Ukitoka ukaenda jengo jipya ukakaa na laptop yako, inazunguka, inazunguka, mwisho inakata. Watu wakalaumu waifai. Watu wa waifai wakalaumu seva. Mimi nilikaa na tatizo hilo siku tatu ndipo nikaliona, na nikiri kwamba nilipoliona nilicheka peke yangu. Ombi la mwanafunzi lilikuwa linafika kwenye seva vizuri kabisa kupitia mtandao wa chuo. Seva ikisoma anwani ya mtumaji inaona 192.168.1.57, tuseme. Inajiambia, ah, huyu ni jirani yangu wa ndani, niko naye kwenye swichi moja. Basi jibu inalipeleka kwenye tundu la ndani, ambako hakuna wa 57. Mwanafunzi anasubiri jibu ambalo lilishatolewa, ila limepelekwa mtaa mwingine wenye jina lile lile. Kama unaishi mji wenye Mtaa wa Uhuru mbili, unanielewa.

Hapa ndipo hoja yangu ya kwanza ilipo. Tunaziita anwani binafsi, na neno "binafsi" limetuharibu. Mtu akisikia binafsi anadhani ni kama chumbani kwake, anaweza kuacha soksi popote. Waraka ulioziweka anwani hizi, unaojulikana kama RFC 1918, ulitoka Februari 1996. Ulitenga mafungu matatu: 10.0.0.0 yenye anwani 16,777,216, fungu la 172.16 mpaka 172.31 lenye 1,048,576, na 192.168 lenye 65,536. Watu wengi tunaufahamu waraka huo kwa hayo mafungu tu. Wachache wamesoma mbele kidogo, ambako waandishi wake wanashauri kwa mkazo kabisa kwamba ukichagua kipande cha kutumia, kichague kwa kubahatisha, kama kura, ili siku ukitaka kuungana na mwenzako msije mkagongana. Wameandika hivyo tangu 1996! Mwaka ambao wengi wetu tunaosoma hapa tulikuwa hata hatujazaliwa. Na bado tunaendelea kujazana wote kwenye 192.168.1 kama daladala ya saa kumi na mbili jioni, wakati nyuma kuna viti milioni kumi na saba vitupu.

Na si chuoni tu. Wewe mwenye rauta ya 192.168.1 nyumbani, siku utakapoajiriwa na ofisi yako ikakupa VPN, na ofisi nayo inatumia 192.168.1, utafungua printa ya ofisini ukaikuta ya dada yako sebuleni. Utapiga simu kwa watu wa ofisi na watakwambia kwao inafanya kazi.

Basi, nikamshawishi Mzee. Haikuwa rahisi. Alisema, "Kijana wangu, hiyo klasta ina watu thelathini ndani. Ukikosea unakosea mara thelathini." Mwisho akakubali, kwa sharti: tuifanye Jumamosi asubuhi, tuwe wote wawili, baada ya kuwatangazia watu. Nikasema sawa, Mzee.

Alhamisi jioni wenzangu watatu wa jengo jipya wakanijia juu. Tarehe ya kukusanya kazi moja ilikuwa Ijumaa saa sita mchana, na kwao mashine haifunguki. Nikajiona mkombozi. Nikajiambia, mabadiliko yenyewe ni namba nne tu, kwa nini nisubiri Jumamosi? Nikachukua ufunguo, nikaingia chumba cha seva saa nne usiku na soda yangu mkononi. (Ndiyo, najua, soda hairuhusiwi. Na hilo nalo lijadiliwe Jumatano.)

Nikafanya hivi. Nikaingia seva ya kwanza, nikafungua faili la mipangilio ya mtandao, nikafuta anwani ya zamani, nikaandika mpya. Nikaitekeleza. Nikaenda ya pili, vile vile. Sikusubiri hata dakika moja kati ya hizo mbili. Nilikuwa na mpango wa kumaliza ya tatu na ya nne, halafu ndipo niende kwenye faili la klasta lenyewe nikabadilishe namba huko. Nilidhani ni kama kupaka rangi nyumba, unaweza kuanza chumba chochote.

Wadau, klasta ina akidi. Neno hili mnalijua, si ndio mnasikia kila mkutano wa wanafunzi ukiahirishwa, "akidi haijatimia"? Ni hivyo hivyo. Seva zinapigiana simu muda wote kupitia programu inayoitwa Corosync, na uamuzi wowote unahitaji zaidi ya nusu ziwe zinaonana. Kwa seva nne, zaidi ya nusu ni tatu. Nilipobadilisha ya kwanza, zilibaki tatu, akidi ipo. Nilipobadilisha ya pili, zikabaki mbili zinazoonana, na zile mbili nilizozigusa kila moja ikawa peke yake, maana faili la klasta bado lilikuwa linawatafuta wote kwa anwani za zamani. Hakuna upande wenye tatu.

Na hapa ndipo ujanja wangu wa zamani uliponirudia. Mwezi Januari mimi mwenyewe niliweka ule ulinzi wa kwamba seva moja ikifa, mashine pepe zake zihamie nyingine zenyewe. Nikajisifu sana. Nilichokuwa sijakisoma vizuri ni kwamba ulinzi huo una masharti: seva iliyobeba mashine zenye ulinzi huo, ikiona imepoteza akidi, inasubiri kama dakika moja halafu inajizima na kujiwasha yenyewe kwa nguvu. Ina sababu ya maana kabisa. Haijui kama imetengwa yenyewe au wenzake wamekufa, na kama ikiendelea kuendesha mashine huku wenzake nao wameiwasha mashine ile ile upande wa pili, wawili wataandika kwenye diski moja na data itakuwa uji. Kwa hiyo inachagua kujiua. Ni uamuzi mzuri. Mimi nilikuwa nimeweka mashine zenye ulinzi huo kwenye seva zote nne.

Nilikuwa nimeshika kopo la soda. Kwanza nikasikia kimya. Nyie ambao hamjawahi kuingia chumba kile hamjui kwamba hakuna kimya mle ndani, daima kuna mngurumo. Kikapita kimya cha kama nusu pumzi, halafu feni za seva zikaanza kupiga kelele kwa pamoja kama ndege inayotaka kuruka, maana ndivyo zinavyofanya zikiwaka upya. Nilijua hapo hapo. Miguu iliisha nguvu.

Zilipowaka, mambo yakawa mabaya zaidi. Mashine pepe haziwaki bila akidi. Nikasema basi nirekebishe faili la klasta haraka niweke anwani mpya. Faili likakataa. Faili lile liko kwenye eneo ambalo klasta nzima inashirikiana, na bila akidi linakuwa la kusoma tu. Yaani ili nirekebishe akidi nahitaji kubadilisha faili, na ili nibadilishe faili nahitaji akidi. Ni kama kutaka kurekebisha katiba ya chama ili mkutano uweze kukaa, na katiba inasema marekebisho yafanywe na mkutano.

Kuna amri ya kuilazimisha seva ijione ina akidi hata ikiwa peke yake. Nilishaiandika yote, kidole kiko juu ya kitufe. Nikaogopa. Nikasoma tena, nikaogopa zaidi, kwa sababu ile habari ya diski moja kuandikwa na wawili ndiyo iliyokuwa inanisubiri hapo kama ningekosea tena. Saa sita na robo usiku nikampigia Mzee.

"Shikamoo Mzee. Samahani sana kwa usiku huu."

"Marahaba. Umegusa nini?"

Hakuuliza kuna nini. Aliuliza nimegusa nini. Nikamweleza, sauti inatetemeka. Akakaa kimya kidogo, nikasikia kitanda kinalia, halafu akasema, "Usijenge kipya juu ya kilichovunjika. Rudisha za zamani kwanza. Mpya zitasubiri."

Hiyo tu. Mimi na vitabu vyangu vyote nilikuwa nahangaika kusonga mbele, saa mbili nzima, wakati kurudi nyuma kulikuwa wazi. Nikaziongeza anwani za zamani kwenye zile seva mbili, amri moja moja, nikaiwasha Corosync upya, zikaanza kuonana. Mbili, tatu, nne. Akidi ikatimia. Mashine pepe zikaanza kuwaka moja baada ya nyingine. Ilichukua dakika kumi.

Lakini kuna kitu hakikurudi. Dada mmoja wa darasa letu alikuwa na mradi wa kukadiria mavuno ya mahindi kutokana na data za mvua. Alikuwa amewasha mafunzo ya modeli yake tangu Jumatatu asubuhi. Siku tatu na nusu za kompyuta kufanya hesabu, na hakuwa ameiweka ihifadhi hatua za katikati. Alitakiwa kuwasilisha Jumatatu iliyofuata. Ijumaa asubuhi nilimfuata mwenyewe kabla hajasikia kwa watu. Hakunifokea. Alinitazama tu, akasema, "Kaka, si mlisema Jumamosi?" Nikakosa cha kujibu mpaka leo. Aliwasilisha na matokeo ya mwezi uliopita, wasimamizi wakamuuliza mbona hayajakamilika, na hakunitaja. Nasema hapa ili ijulikane.

(Ndiyo, wapo watakaosema angehifadhi. Ni kweli, na sasa anahifadhi. Lakini mtu aliyeibiwa baiskeli si saa ya kumuuliza kwa nini hakununua kufuli kubwa, hasa kama anayeuliza ndiye mwizi.)

Jumamosi tukaifanya na Mzee kama tulivyokuwa tumepanga toka mwanzo, na hapa naandika kirefu kidogo maana naamini kuna mtu siku moja atatafuta jambo hili saa sita usiku na atalikuta ukurasa huu.

Kwanza anwani zenyewe. Tukafuata ule ushauri wa 1996. Tukaandika namba kwenye vikaratasi, tukavitia kwenye kofia ya Mzee, nikavuta 83, yeye akavuta 47. Kwa hiyo mtandao wetu wa ndani sasa ni 10.83.47. Mlinzi aliyekuwa anapita mlangoni alidhani tunacheza upatu.

Kisha, badala ya kufuta, tukaongeza. Watu wengi hawajui kwamba tundu moja la mtandao linaweza kubeba anwani mbili kwa wakati mmoja bila ugomvi wowote. Tukaziongezea seva zote nne anwani mpya juu ya za zamani, tukahakikisha kila moja inaifikia kila nyingine kwa zote mbili. Hapo klasta haikujua hata kama kuna kinachoendelea. Halafu tukaipa Corosync njia ya pili kupitia mtandao wa chuo, kwa sababu matoleo ya sasa yanaruhusu njia zaidi ya moja, na kwa kweli tulipaswa kuwa nayo tangu zamani. Ukifanya hivyo unahariri nakala ya faili pembeni, unaongeza ile namba ya toleo iliyoandikwa humo ndani (usipoiongeza, klasta itaona ni habari za zamani na haitakuelewa), ndipo unaliweka mahali pake. Tukasubiri tuone njia zote mbili ni nzima. Sasa klasta ilikuwa imesimama kwa miguu miwili, tukaweza kuinua mmoja: tukabadilisha anwani za njia ya kwanza kwenda kwenye mpya, tukaongeza namba ya toleo tena, tukaiwasha Corosync upya seva moja moja, kila mara tukisubiri zote nne zionane ndipo twende inayofuata. Polepole. Mzee alikuwa anakunywa chai kati ya seva na seva, nje ya chumba, si kama mimi.

Za zamani tukaziacha hapo wiki nzima. Na ni vizuri tuliziacha, maana tulipotafuta ndani ya seva na mashine pepe neno 192.168.1 tulilikuta limeandikwa sehemu kumi na saba! Orodha ya wanaoruhusiwa kusoma diski za pamoja. Ukuta wa moto. Skripti ya nakala rudufu iliyoandikwa na mtu ambaye jina lake hatulijui. Mashine ya kukusanyia kazi yenyewe. Tungefuta za zamani siku ile ile, nakala rudufu zingekufa kimya kimya na tungekuja kujua siku tunazihitaji. Alhamdulillahi hatuna Ceph, maana ile ina daftari lake yenyewe la anwani za wasimamizi wake, na kulibadilisha ni kazi nyingine kabisa.

Jambo moja la kushangaza, mpangilio huu si wa Proxmox peke yake. Wanaoendesha klasta za database ya Oracle nao wanaambiwa hivyo hivyo: mtandao mpya uandikishe kwenye klasta wakati bado iko hai, ndipo uisimamishe na ubadilishe namba kwenye seva zenyewe. Ukianza na seva, klasta ikiamka itaitafuta ndugu yake kwa jina la zamani. Mimi nilianza na seva.

Sasa turudi kwenye kikao cha Jumatano. Wanaotaka mlango ufungwe wana hoja, na sitaifanya ndogo. Mtu mmoja, usiku, bila ruhusa ya siku hiyo, alisimamisha kazi za watu thelathini. Ni kweli. Kama kuna adhabu, ni yangu, nami nitaipokea, hata kama ni kukaa mbali na ufunguo mpaka nihitimu. Lakini angalieni kilichokuwepo kabla yangu. Kulikuwa na klasta iliyowekewa anwani na mtu mmoja ambaye hakuandika popote. Kulikuwa na sehemu kumi na saba ambazo hakuna aliyezijua. Kulikuwa na fundi mmoja tu, na Mzee mwenyewe ameniambia anastaafu karibuni. Mkifunga mlango, vyote hivyo vitabaki hivyo hivyo, ila bila mtu wa kuvigundua. "Usiguse kinachofanya kazi" inafanya kazi mpaka siku kitakapoacha kufanya kazi, na siku hiyo atakayetumwa kukigusa atakuwa mtu ambaye hajawahi kukigusa.

Mimi napendekeza mambo ambayo hata hayahitaji bajeti. Asiingie mtu mmoja peke yake. Waingie wawili, na mmoja wao awe na ruhusa ya siku hiyo, si ya wiki iliyopita. Kazi yoyote ya kubadilisha iandikwe kabla, ikiwa na mstari unaosema ikiharibika tunarudije. Ule mstari mimi sikuwa nao. Na lile daftari, maana tumeshalianza mimi na Mzee, counter book ya kawaida yenye jalada gumu, liko juu ya kabati la seva. Ukurasa wa kwanza una 10.83.47 na maelezo ya kofia. Ukurasa wa pili una ule usiku wangu wa Alhamisi, wote, na saa zake. Mzee alisema niuandike kwa mkono wangu mwenyewe na nisipunguze kitu. Hata soda imo.

Na watu wa mitandao wa chuo, tafadhali, tuwekeeni basi orodha moja ya nani anatumia anwani gani. Hata karatasi ukutani. Waifai ya jengo jipya na klasta yetu zimekaa mita mia mbili kutoka moja hadi nyingine na hazikuwahi kutambulishwa.

Yule dada amenijibu meseji jana. Amesema modeli imemaliza kufundishwa upya, safari hii ikihifadhi kila saa, na kwamba nimnunulie chipsi mayai siku zilizobaki zote za semista. Zimebaki wiki sita. Nimekubali, bumu likitoka.

Haya, wacha nikimbie, saa nane nina kipindi na bado sijala. Nani anakuja Jumatano? Kikao ni cha idara lakini wawakilishi wa madarasa wanaruhusiwa kukaa na kusema. Wa darasa letu, nawaombeni msimwachie mmoja aende peke yake.